Nilinunua nyumba Bagira na papier zote, lakini majirani waliendelea kuniita locataire

Wakuu, amani kwenu wote, wa Dar, wa Nairobi, wa Lubumbashi, na sisi wa hapa Bukavu tunaoingia humu wakati courant, umeme, iko.

Mimi huwa ninasoma tu, siandiki. Leo naandika juu kichwa imejaa na muke wangu amechoka kunisikiliza. Hii mambo ilinipata mimi mwenyewe, na chumvi sitaweka hata punje. Nimebadilisha majina tu, juu watu wa avenue yangu, mutaa wangu, nao wana téléphone.

Kiswahili yetu ya huku mutaivumilia. Munaielewa tu, musijifanye.

Bon.

Mimi ninafanya kazi ya labo kwenye centre de santé moja, ile kazi ya kuangalia damu na choo ya watu kwenye microscope. Mutu wa labo haamini kitu mpaka aione kwa macho na iandikwe. Nyumbani niko na farde moja nene, na kila karatasi ndani yake nimeipiga plastique. Diplôme, cheti ya ndoa, hata karatasi ya chanjo ya watoto. Muke wangu anasema siku moja nitamupiga yeye plastique.

Tena tumeokoka, sisi wote wawili. Mimi ni diacre, shemasi, kanisani. Pombe haijapita kwenye hii koo tangu nikiwa mwanafunzi.

Miaka tisa tulipanga Kadutu, juu kabisa kwenye mulima, pahali hata moto, zile pikipiki za kubeba watu, hazifiki. Mvua ikinyesha, njia yote ni utelezi, na wewe uko na mutoto mugongoni na bidon ya maji mukononi. Chini ya dirisha yetu kulikuwa buvette, baa ndogo, na muziki yake ilikuwa inatingisha sahani zetu.

Muke wangu, Maman Asifiwe (mutoto wetu wa kwanza anaitwa Asifiwe), alikuwa anaota Bagira.

Kwa wasioijua: Bagira iko pembeni ya muji, nyumba ndogo za matofali zimejipanga mustari mustari, za tangu wakati wa Wabelgiji. Familia zinajuana toka babu. Masomo, yaani shule, iko karibu, mutoto anaenda kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Watoto wanacheza inje na kila maman anawachunga wote, wake na wa jirani. Kwa mutu mwenye watoto watatu, hapo njo pahali, yaani ndiyo penyewe.

Kununua ilikuwa kabla ya shida ya muji munaisikia kwa radio. Siyo uzi ya hiyo.

Basi, tukaweka akiba, na siku moja mutu wa kanisani akaniambia kuna bwana anaitwa Déo anauzisha nyumba ya mama yake Bagira. Mama alikufa. Watoto walikuwa wawili tu: huyu Déo, na mukubwa wake, Muzee Mugisho, mwenye kuishi Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu.

Wakuu, nilifanya kila kitu kama inatakiwa. Nilienda bureau ya ardhi mara tatu. Nilidai signature ya mukubwa, Déo akapanda mpaka Luhwindja, akaileta pamoja na kopi ya carte yake, kitambulisho. Niliiangalia ile signature kama ninatafuta malaria.

Siku ya kusaini, majirani walikuja kuwa témoins, mashahidi, juu huku kwetu jirani asiposaini hakuna kununua. Alikuwepo chef wa avenue, Papa Zihindula. Alikuwepo Maman Nabintu, maman muzee mwenye nyumba inagusana na yetu. Hajasoma sana, aliweka kidole. Na wengine watatu.

Tulipomaliza, Papa Zihindula akanigeukia na heshima yote:

"Bon, papa. Sasa tutakunywa siku gani?"

Nikacheka. Nilijua chef anatafuta ya koo, kama chef wote. Nikamuambia, "Papa chef, sisi tumeokoka, pombe haiingii kwetu. Lakini sitawaacha na koo kavu."

Nikatuma casier, kreti nzima ya sucré, ile nyinyi munaita soda, na biscuits. Walikunywa. Walisema asante. Maman Nabintu alifunga biscuits zake kwenye kikwembe, akazipeleka nyumbani. Hakuna mutu alikunja uso. Mimi nilirudi Kadutu nikijisifu kwamba nimenunua nyumba na kuhubiri siku moja.

Tukahama.

Mwezi ya kwanza, Papa Zihindula akapita na daftari yake ya wakaaji wa avenue. Mimi macho yangu haitulii, nikachungulia. Pembeni ya majina yetu ameandika: locataires.

Locataire ni mupangaji, wakuu.

"Papa chef, mimi sipangi. Nilinunua. Ulisaini wewe mwenyewe."

"Ndiyo, papa. Nilisaini."

"Basi andika propriétaire, mwenye nyumba."

Akakohoa, akafunga daftari, akaniuliza kama watoto wameishazoea baridi ya Bagira.

Nikasema labda ni uzee.

Kisha Maman Nabintu. Kila asubuhi alikuwa anaingia nyuma ya nyumba kuchuma sombe, nyinyi munaita kisamvu, alizopanda wakati wa marehemu. Sombe si shida, achume. Shida ni maulizo yake:

"Na bailleur anasema mutakaa mpaka lini?"

Bailleur ni mwenye kupangisha. Nikaenda kuleta farde. Akashika ile plastique, akaigeuza, akaona kidole yake.

"Ayi! Hii kidole ni yangu kweli!"

"Umeona, maman?"

"Nimeona. Papier yako iko muzuri sana, baba. Uichunge."

Kesho yake asubuhi, sombe mukononi: "Bailleur hajawasalimia?"

Nilipaka rangi mbele ya nyumba. Watu wakapita wakisimama kuangalia, wanasifu kwa sauti: "Mwenye hii nyumba ana bahati! Kupata locataire wa kupaka rangi na franga yake!"

Sasa cheka wewe. Mimi nilicheka mpaka siku Asifiwe alirudi masomo akaniuliza, "Papa, tutahama tena?" Wenzake walimuambia kwamba sisi tunapanga kwa maman ya Déo. Ile siku sikula.

Nikasema bon, nitavunja ukuta ya jikoni niipanuwe, waone kama locataire anavunja ukuta. Nikaita maçon, fundi wa kujenga, wa hapo hapo. Akaja na nyundo, akaangalia ukuta, akaniangalia.

"Mwenye nyumba amekubali?"

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Ndiyo, papa. Lakini mwenyewe?"

Akabeba nyundo yake akaenda. Nilikaa juu ya mufuko wa ciment nikaanza kucheka peke yangu. Maman Asifiwe akaniuliza, "Unacheka nini?" Nikamuambia sijui, na ilikuwa kweli, sikujua.

(Samahani wakuu, courant ilikata. Imerudi, naendelea.)

Jumapili moja tunatoka ibada, tunakuta muzee mumoja ameketi kwenye barza yetu. Kofia juu ya goti, sac ya safari pembeni. Majirani wamemuletea kiti na chai.

"Mimi ni Mugisho," akasema.

Nikakimbia ndani nikaleta farde.

"Muzee, hii signature si yako?"

Akavaa lunettes, miwani yake, akaisoma polepole. "Ni yangu."

"Sehemu yako ya bei, Déo hakukupa?"

"Alinipa yote. Déo si mwizi."

"Sasa unadai nini?"

"Sidai kitu."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja nyumbani. Nitalala chumba gani?"

Wakuu, mutu akikuambia uongo unajua pa kumushika. Huyu alikuwa anasema kweli tupu, tena na heshima, na kwa kila neno la kweli nyumba yangu ilikuwa inatoka mukononi.

Alilala chumba ya watoto. Watoto wakahamia salon, sebuleni. Asubuhi anafagia parcelle, kiwanja chote. Mulango ulikuwa unalia, akautengeneza. Jioni anasali rozari yake kwenye barza, na majirani wanakuja kumusalimia yeye, sisi wanatupungia mukono tu. Maman Asifiwe alianza kutembea ndani ya nyumba yake kwa ncha ya vidole.

Siku ya pili nikapeleka farde kwenye bureau. Agent akaiangalia yote.

"Papier ziko sawa. Huyo muzee anadai parcelle?"

"Hapana."

"Amewapiga?"

"Ametengeneza mulango."

"Basi, papa, huyo ni mugeni."

"Lakini anasema eko kwake!"

"Na wewe?"

"Na mimi niko kwangu."

Yule agent akanipa maji ya kunywa. Nafikiri aliniona mugonjwa.

Siku ya nne, Maman Asifiwe akaniita jikoni, akasema bila kupandisha sauti:

"Papa Asifiwe, Jumamosi ikimukuta huyu muzee hapa, mimi na watoto tunarudi Kadutu. Afadhali kupanga kwa watu kuliko kupanga kwetu."

Namujua muke wangu. Akipandisha sauti, itapita. Asipopandisha, anza kufunga vitu.

Nikaenda kwa Maman Nabintu, safari hii bila farde. Alikuwa anachagua maharagi. Nikakaa chini.

"Maman, nimeshindwa. Uniambie tu. Ni nini haiko?"

Akaendelea na maharagi yake kidogo. Kisha:

"Baba, hii nyumba haijanywewa."

Njo akanieleza, kama vile unaeleza mutoto. Nyumba ya mama wa mutu ikitoka kwenye familia, wanaweka kasiksi katikati ya parcelle, ile pombe yetu ya ndizi. Mukubwa wa wale wenye kuuzisha anakunywa wa kwanza, anasema mbele ya wote: tumetoka. Anamupa mwenye kununua, naye anakunywa, anasema: nimeingia. Majirani wanamaliza. Kuanzia pale, hata mutu aje na silaha, avenue nzima itasimama iseme nyumba ni ya fulani.

"Lakini mulisaini!"

"Tulisaini kwamba tulikuwa pale. Si tulikuwa pale?"



"Na kwa nini hamukuniambia?"

"Papa Zihindula alikuuliza siku gani. Ukasema umeokoka. Mutu akisema ameokoka, nani atamulazimisha?"

"Sasa mulikuwa munangoja nini, hii miezi yote?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe."

Nikamuuliza juu ya Muzee Mugisho. Akasimamisha mukono. "Huyo alikuwa ndani ya shimo Luhwindja siku mama yake alikufa. Alifika tumeishazika. Akarudi kazini, Déo anamuletea karatasi asaini, nyumba nayo imeenda. Hata kunywa hakuna. Atajuaje kama ametoka?"

Nilirudi nyumbani, nikaeleza muke wangu yote, na kichwa inazunguka. Nikapigia pasta. Pasta hakuzunguka hata kidogo: "Diacre, ukionja umeanguka."

Nikatafuta katikati, kama tabia yangu. Nikamuambia Muzee Mugisho, je, tukitumia maji ya ndizi ambayo haijachacha, ile tamu? Akacheka mpaka akatoa lunettes.

"Hiyo tunapatiaga watoto. Watoto watatoka, mimi nitabaki."

Kesho yake nikafunga na kuomba, Mungu anionyeshe njia. Nilipata njaa tu, naongea kweli.

Jumamosi naamuka, muke wangu hayupo. Nikafikiri ameishaenda Kadutu. Lakini watoto wako, vitu viko. Saa sita ndiyo namuona anarudi na wamaman wa avenue, wametoka Kasha, kule ndizi ziko nyingi, na yeye Maman Asifiwe, mwimbaji wa chorale, kwaya ya kanisa, eko na bidon kwenye kichwa. Harufu ilimutangulia.

"Maman Asifiwe, nini hii?"

"Ni nyumba," akasema, akaitua katikati ya parcelle.

Watu wakaanza kuingia na viti vyao. Hakuna mutu aliitwa, walikuja tu. Papa Zihindula alivaa veste, koti ya sikukuu.

Muzee Mugisho akamiminiwa gobelet, kikombe. Akasimama. Akakunywa kidogo. Halafu akasema, macho chini, sauti ya kusema na mutu mumoja tu:

"Maman, sikufika. Ulijua nilikuwa wapi. Sasa Déo na mimi tumetoka. Hakuna mutu alitufukuza. Tumetoka vizuri."

Akalia, muzee mukubwa vile, bila kujificha. Watu wakaitikia, "Eee."

Mimi nilikuwa nimekaa na yule mutu siku sita, na kazi yangu yote ilikuwa kumuuliza anadai nini. Haya ilinishika.

Akanipa gobelet.

Niliangalia muke wangu. Hakuniangalia, alikuwa anamuangalia Asifiwe. Nikafikiri benchi yangu ya diacre, nikafikiri pasta, nikafikiri ile njia ya Kadutu na mvua.

Nikakunywa. Funda moja. Ilikuwa chungu, nikakohoa, mutu akacheka huko nyuma. Maneno yote ilinitoroka. Maman Nabintu akaninong'oneza, "Sema, baba."

"Nimeingia."

Vigelegele, wakuu! Sijasikia vigelegele vile hata kwenye ndoa yangu.

Lakini subiri. Watu wakiwa katikati ya furaha, Muzee Mugisho akavaa kofia, akabeba sac yake, akatembea mpaka kwenye portail, geti ya inje, akatoka, akaifunga mwenyewe. Nikasema moyoni, ameenda bila hata kuaga.

Kisha tukasikia anagonga.

"Hodi humu ndani!"

Hakuna mutu alijibu. Maman Nabintu, mwenye mudomo kuliko avenue nzima, alifunga mudomo. Papa Zihindula akaangalia viatu vyake. Nikaangalia huku na huku kuona nani atamufungulia muzee wa watu, na polepole nikaona macho yote iko juu yangu.

Nikasimama. Nikafungua.

"Karibu, muzee."

Akatoa kofia. "Papa Asifiwe, mimi ni mugeni, natoka mbali. Naomba unilaze usiku moja, kesho nashika njia ya Luhwindja."

Nilimubebea sac yake mimi mwenyewe, na machozi inatiririka, na sikujali nani ananiona.

Tangu pale hakuna mutu ameniita locataire. Kutoka siku moja kwenda ingine, hivi tu. Maçon alikuja bila kuitwa.

Somo langu? Papier ni lazima, nisisikie mutu anasema nilisema asinunue na papier. Lakini ukiingia mutaa wenye watu wao wa zamani, uliza majirani mapema: huku kununua inaishaga namna gani? Na wakikuuliza swali, usikimbilie kujibu kabla ya kuelewa wanauliza nini.

Bado sielewi, nawaambia kweli. Ile siku ya kusaini nilinunua nini? Na ile siku ya bidon nilinunua nini tena?

Na iko na shida ingine, njo imenifanya niandike. Habari ilifika kanisani. Nimetolewa kwenye benchi ya madiacre, na Jumapili inayokuja lazima nisimame mbele ya kanisa nzima, pasta aniulize kama ninajuta kukunywa.

Pombe yenyewe ninaijuta, haina hata utamu. Lakini nikisema mbele ya watu kwamba lile funda lilikuwa kosa, basi lile neno nilisema nalo ni kosa, na ya Muzee Mugisho kwa mama yake pia. Na majirani zangu wawili wanasali kanisa hiyo hiyo, walikuwa pale, walisikia.

Nikisema sijuti, nitamudanganya Mungu kwa kiburi. Nikisema ninajuta, nitakuwa nimetoka kwenye nyumba yangu kwa mudomo yangu mwenyewe.

Wakuu, waliookoka na wasiookoka, munijibu mbele ya Jumapili. Pasta akiniuliza, nisemeje?